Mafuta mawili ya Rumonge: yanayoota na yanayoagizwa

RUMONGE, BURUNDI

Nchi inayotegemea mafuta, kwa lugha ya wachumi, ni nchi inayoyauza. Mfano ulio karibu ni Sudan Kusini, ambako karibu mapato yote ya serikali hutokana na mafuta ghafi yanayopita kwenye bomba hadi Bandari ya Sudan. Mwezi Februari 2024 bomba hilo lilipasuka ndani ya eneo la vita nchini Sudan. Juba ikakosa sehemu kubwa ya fedha zake kwa muda unaokaribia mwaka mzima, na mishahara ya watumishi wa serikali ikasimama.

Burundi haina bomba wala kisima. Hata hivyo kuna utegemezi wa aina nyingine ambao hauandikwi sana, na mahali pazuri pa kuuona ni Rumonge, mji wa bandari ulioko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kilomita 75 hivi kusini mwa Bujumbura. Hapa kuna mafuta ya aina mbili. Ya kwanza ni mawese, mafuta mekundu ya michikichi ambayo Warundi huyaita amamesa, na ambayo ndiyo yaliyoujenga mji. Ya pili ni petroli na dizeli, igitoro kwa Kirundi, yanayotoka nje ya nchi hadi tone la mwisho. Ya kwanza hayamfikii mlaji bila ya pili. Na kwa zaidi ya miaka hamsini sasa, kila mgogoro wa kisiasa uliopita katika ukanda huu umeyagusa yote mawili, kila moja kwa namna yake.

Mchikichi na mahesabu yake

Ukanda wa chini unaoambatana na ziwa huitwa Imbo. Upande wa mashariki milima hupanda ghafla kuelekea Bururi, na upande wa magharibi, ng'ambo ya maji, inaonekana milima ya Fizi nchini Kongo. Kwa kuwa ziwa liko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 775 tu, joto la hapa ni kubwa kuliko la sehemu nyingine za Burundi, na mchikichi hupenda joto na maji. Kutoka Rumonge kuteremka hadi Nyanza-Lac, karibu na mpaka wa Tanzania, michikichi ndiyo inayotawala macho ya msafiri.

Kilimo hiki kilikuwapo tangu zamani, lakini kilipanuliwa kwa nguvu za serikali na fedha za wahisani katika miaka ya 1970 na 1980, kupitia shirika la maendeleo la mkoa lililojulikana kama SRD-Rumonge. Miche bora ilipandwa kwa mistari na wakulima wakagawiwa viwanja. Baadaye usimamizi wa zao ukaangukia Ofisi ya Mafuta ya Mawese, OHP. Lengo lilikuwa wazi: Burundi ijitosheleze kwa mafuta ya kupikia na kwa malighafi ya sabuni, ili fedha chache za kigeni zinazotokana na kahawa zisiishie kwenye bidhaa hizo.

Mchikichi hutoa mazao mwaka mzima, ila si kwa usawa. Kuna miezi ya wingi, ambapo mashine zote za kukamua hufanya kazi na bei huanguka, na kuna miezi ya uhaba ambapo bei hupanda. Mwenye mtaji hununua wakati wa wingi, hujaza mapipa, hufunga ghala na kusubiri. Mkulima wa kawaida hana ghala wala subira, kwa sababu ada za shule na gharama za hospitali hazifuati msimu. Mara nyingi huuza mafuta yake kabla hata chikichi hazijakatwa, kwa bei ya mnunuzi.

Baada ya mkungu kukatwa, saa zinaanza kuhesabiwa. Chikichi zikikaa siku mbili tatu bila kuchemshwa na kukamuliwa, asidi ndani ya mafuta huongezeka na ubora hushuka. Mafuta ya namna hiyo mwenye kiwanda hutoa bei ndogo, akikubali kuyapokea. Kiasi kinachopatikana kinategemea pia mbegu na mashine. Mchikichi wa asili, wenye kokwa nene, ukikamuliwa kwa mashine ya mkono hutoa takriban kilo kumi hadi kumi na mbili za mafuta kwa kila kilo mia za mkungu. Aina bora, ile ya tenera, ikipita kwenye kiwanda cha kisasa hutoa zaidi ya kilo ishirini. Ukamuaji mwingi wa Rumonge hufanywa na mashine ndogo za watu binafsi, kwa hiyo sehemu ya mafuta hutupwa pamoja na makapi.

Mafuta yanayopatikana yana njia mbili kubwa. Sehemu huishia sokoni kama yalivyo, mekundu, kwenye bidoni za lita ishirini. Sehemu nyingine huenda Bujumbura kwa watengenezaji wa sabuni na mafuta ya kupikia, ambao maarufu miongoni mwao ni Savonor. Kwa njia zote mbili lazima pawe na lori, na lori linataka dizeli.

Mwaka 1972 bado uko shambani

Mtu anayepita kwa haraka hujiuliza kwa nini ukanda wenye ardhi nzuri namna hii, soko la uhakika na historia ndefu ya zao lenyewe, una michikichi mingi iliyozeeka. Mchikichi hufikia kilele cha uzaaji kati ya mwaka wa nane na wa kumi na tano hivi, na baada ya miaka ishirini na mitano huwa mrefu kiasi kwamba kuukwea ni hatari na mavuno hayalipi tena. Miti iliyopandwa wakati wa mradi imekwishapita umri huo. Kanuni ya kilimo inasema ing'olewe na ipandwe mipya.

Jibu halipatikani kwenye vitabu vya kilimo. Tarehe 29 Aprili 1972 maasi yalizuka Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini. Waasi wa Kihutu waliua Watutsi wengi katika siku za kwanza. Jeshi la serikali ya Rais Michel Micombero lilijibu kwa mauaji ya kulipiza kisasi yaliyoenea nchi nzima na kuwalenga Wahutu, hasa wenye elimu. Makadirio ya waliouawa huanzia watu laki moja na kupanda hadi laki tatu. Maelfu kwa maelfu wakakimbia, na kwa watu wa Imbo njia ya mkato ilikuwa ziwa au barabara ya kwenda Kigoma. Serikali ya Tanzania iliwapa makazi Katumba, Mishamo na Ulyankulu.

Ardhi waliyoiacha haikubaki tupu. Baadhi ilichukuliwa na watu waliohamia kutoka milimani, baadhi iligawiwa na viongozi wa utawala, na baadhi iliingizwa katika mradi wa michikichi, ikapimwa upya, ikapandwa na kugawiwa wakulima wapya kwa karatasi halali za serikali. Hapo ndipo tatizo linapokuwa gumu kuliko linavyosimuliwa kwa kawaida. Aliyepewa kiwanja na mradi mwaka 1980 hakuvamia. Alipewa, akapalilia, akavuna, akazeeka nacho. Aliyekimbia mwaka 1972 naye hakuuza. Sheria ya ardhi ya mwaka 1986 iliongeza utata, kwa kuwa ilimruhusu aliyekaa kwenye ardhi kwa miaka thelathini, au kumi na tano ikiwa aliingia kwa nia njema, kudai kuwa ni yake. Mtu aliyelazimishwa kuwa mkimbizi hakuwa na namna ya kuikatiza miaka hiyo.

Mkataba wa Amani wa Arusha uliosainiwa tarehe 28 Agosti 2000 ulisema wakimbizi warejeshewe mali zao, hasa ardhi, au walipwe fidia. Kuanzia mwaka 2002 watu walianza kurudi kwa wingi, na kwa jumla karibu nusu milioni walikuwa wamerejea Burundi ilipofika mwishoni mwa muongo huo. Miongoni mwao walikuwamo zaidi ya elfu hamsini wa kundi la 1972. Wengine wapatao 162,000 wa kundi hilo hilo walichagua kubaki, na Tanzania ikawapa uraia mwaka 2014. Rumonge na Nyanza-Lac zilibeba mzigo mkubwa wa waliorudi, maana huko ndiko wengi walikotoka.

Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, CNTB, iliundwa mwaka 2006. Katika miaka yake ya mwanzo, chini ya Padri Aster Kana, ilipendelea kuwapatanisha wahusika wagawane kiwanja, nusu kwa nusu au kwa kadiri watakavyoelewana. Wengi walikubali kwa shingo upande. Kuanzia mwaka 2011, chini ya Askofu Sérapion Bambonanire, tume ilibadili mwelekeo: mwenye asili arudishiwe chote. Hata baadhi ya waliokwishagawana walijikuta wakifunguliwa faili upya. Watu waliotolewa kwenye viwanja walipinga, pakawa na vurugu, na sera ya ardhi ikageuka kuwa sera ya uchaguzi. Mwaka 2014 ikaundwa mahakama maalumu ya kusikiliza rufaa. Muda wa CNTB ulimalizika Machi 2022 na haukuongezwa. Wenye mashauri ambayo hayakuisha wakabaki na njia ya mahakama.

Kwa mchumi, mlolongo huu una maana moja iliyo rahisi kuieleza. Kung'oa mchikichi mzee ni kukubali kukosa mapato kwa miaka mitatu hadi minne, mpaka mche mpya uanze kuzaa. Ni mkopo ambao mkulima anajikopesha mwenyewe. Hakuna mwenye akili timamu atakayejikopesha kwa kiwanja ambacho mwaka ujao huenda kikawa cha mtu mwingine. Anachofanya ni kuukwea mti mrefu, kuvuna kidogo kilichopo, na kupanda mihogo chini yake. Mti mzee unaozaa kidogo, kwake yeye, ni salama kuliko mche mchanga usio na mwenyewe. Wanaowalaumu wakulima wa Imbo kwa kukataa ushauri wa mabwana shamba wangefanya vyema kuanza na jambo hili.

Ipo pia athari nyingine isiyoonekana kwa urahisi. Katika mvutano wa ardhi, mti ni ushahidi. Aliyepanda anaweza kuonyesha miti yake na kudai fidia ya jasho lake, na aliyerudi anaweza kuuonyesha mchikichi mmoja wa baba yake uliosalia mpakani. Kuung'oa ni kufuta maandishi.

Vikwazo, vita na njia ya majini

Upande wa petroli nao una historia yake. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, nchi iliingia katika vita vya zaidi ya muongo mmoja. Barabara ya taifa namba 3, RN3, inayounganisha Bujumbura na Rumonge, hupita mahali ambapo mlima unakaribia kugusa maji, na eneo hilo lilikuwa la mashambulizi ya kuvizia. Malori yalisafiri kwa misafara, na gharama ya hatari iliingizwa kwenye bei ya kila bidoni ya mawese.

Kisha vikaja vikwazo. Meja Pierre Buyoya alipotwaa madaraka tarehe 25 Julai 1996, nchi za jirani zilizokutana Arusha siku sita baadaye ziliamua kuifungia Burundi biashara. Kigoma, ambayo reli yake ya kutoka Dar es Salaam ilifika tangu mwaka 1914 na ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mlango mkuu wa mizigo ya Burundi, ikafungwa kwa bidhaa nyingi. Petroli ikawa ya kwanza kuadimika. Lakini Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na hakuna serikali iliyowahi kulilinda lote. Mafuta yaliingia kwa boti usiku na kwa njia za panya, yakauzwa kwa bei iliyowatajirisha wachache wenye boti na wenye jamaa katika vyombo vya dola. Vikwazo viliondolewa Januari 1999. Mtindo wa biashara uliozaliwa wakati huo haukuondoka navyo: ziwa kama kituo cha mafuta kisicho na leseni, na bei mbili za bidhaa moja.

Amani iliporudi baada ya uchaguzi wa mwaka 2005, na Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, ukanda wa ziwa ulipata nafuu iliyoonekana kwa macho. Rumonge ilikua haraka, nyumba za ghorofa zikaanza kuota katikati ya michikichi, na Machi 2015 ikapewa hadhi ya kuwa makao makuu ya mkoa wake yenyewe. Hadhi hiyo imekwisha. Mpangilio mpya wa mwaka 2025 ulipunguza mikoa ya Burundi hadi mitano, na Rumonge sasa ni sehemu ya mkoa wa Burunga.

Mwezi mmoja baada ya Rumonge kuwa mkoa, Aprili 2015, maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza yalianza Bujumbura. Makumi ya maelfu ya watu waliteremka kando ya ziwa hadi Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na maji. Kipindupindu kikazuka, na meli kuukuu ya Mv Liemba ikawa inawasomba kuwapeleka Kigoma. Umoja wa Ulaya ulisitisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali Machi 2016 na haukuurudisha hadi Februari 2022. Kwa nchi ambayo mauzo yake ya nje ni kahawa, chai na madini kiasi, msaada huo haukuwa nyongeza. Ulikuwa sehemu ya fedha za kigeni zilizolipia petroli.

Kilichomuumiza mwenye mawese si bei ya dizeli

Kuanzia mwaka 2021 foleni kwenye vituo vya mafuta zilianza kuwa ndefu, na kufikia 2024 na 2025 kukosa mafuta kwa wiki kadhaa mfululizo likawa jambo la kawaida nje ya Bujumbura. Serikali ililaumu mara waagizaji, mara bei za dunia baada ya vita vya Ukraine. Ilimpa Regideso, shirika la maji na umeme, kazi ya kuagiza mafuta, kisha ikaunda kampuni ya mafuta ya serikali, SOPEBU. Chanzo chenyewe kilikuwa Benki Kuu. Mwezi Mei 2023 thamani ya faranga ilishushwa kutoka takriban 2,080 hadi zaidi ya 2,800 kwa dola moja, na Julai mwaka huo Shirika la Fedha la Kimataifa likaidhinisha mkopo wa karibu dola milioni 271. Nia ilikuwa kuikaribisha bei rasmi ya dola kwa ile ya mitaani. Badala yake ya mitaani ilikimbia, na mwaka 2025 ilipita faranga 7,000 ilhali ile rasmi ilikuwa chini ya 3,000. Mfumuko wa bei ulizunguka asilimia 40 katikati ya mwaka huo.

Katika hali ya namna hii mwagizaji wa mafuta anayeuza kwa bei iliyopangwa na serikali anaweza kufanya kazi kama tu atapewa dola kwa bei rasmi. Dola hizo hazikuwapo za kutosha. Anayenunua dola mitaani hawezi kuuza kwenye pampu kwa bei rasmi bila kufilisika. Kwa hiyo mafuta yakahamia kwenye bidoni, kutoka Tanzania na, kwa muda mrefu, kutoka Uvira, ambako hata wenye magari wa Bujumbura walivuka kwenda kujaza matangi.

Wengi hudhani kwamba dizeli ya magendo huongeza sana gharama ya mawese. Hesabu haisemi hivyo. Chukua kwa mfano lori lenye kubeba mapipa thelathini ya lita mia mbili, yaani lita 6,000 za mawese. Safari ya kwenda Bujumbura na kurudi ni kilomita 150. Likitumia lita 25 kwa kila kilomita mia, litamaliza lita 38 hivi. Hiyo ni chini ya lita moja ya dizeli kwa kila lita mia moja na hamsini za mawese. Hata dizeli ikiuzwa mara tano ya bei ya pampu, na hata lita yake kwa bei ya pampu ikiwa sawa na lita ya mawese, usafiri hautazidi sehemu tatu na nusu kwa mia ya thamani ya mzigo. Mfanyabiashara anaweza kuubeba mzigo huo bila kutetereka.

Asichoweza kukibeba ni kusubiri. Lori likilala siku sita likingoja dizeli, fedha zilizonunua mapipa thelathini zimelala nalo, na kwa mfumuko wa bei wa asilimia 40 fedha iliyolala haiamki na uzito ule ule. Mashine ya kukamua inayotumia injini nayo ikisimama, chikichi zilizokwishakatwa huoza. Mkulima anayejua kuwa mashine huenda isifanye kazi kesho huacha mkungu mtini, au huuza papo hapo kwa yeyote mwenye bidoni ya dizeli. Ndiyo maana katika miezi mibaya mwenye dizeli ndiye aliyepanga bei ya mawese. Faida ilihama kutoka kwa mwenye mti kwenda kwa mwenye mafuta ya magari, ingawa mchango wa mafuta hayo katika gharama ni mdogo kama hesabu inavyoonyesha.

Kuna upande wa pili wa shilingi ambao haki inadai utajwe. Kuporomoka kwa faranga kuliwakinga wenye michikichi dhidi ya mafuta ya kupikia kutoka nje. Mafuta yaliyosafishwa yanayotoka Malaysia na Indonesia kupitia Dar es Salaam na Mombasa hulipiwa kwa dola, na kila dola ilipopanda mtaani, bei yake madukani ilipanda. Mawese yakapanda nyuma yake. Mkulima wa Rumonge mwenye miti mingi alipata noti nyingi zaidi. Kwamba noti hizo zilinunua nini ni swali jingine.

Wavuvi walipata kipigo bila kinga yoyote. Boti za ndagala na mukeke huenda mbali usiku kwa injini za petroli, na bila petroli huvua karibu na pwani, mahali pa mazalia, ambako samaki ni wachache na wadogo. Ziwa lenyewe limekuwa likipanda. Kati ya mwaka 2020 na 2024 maji yaliwaondoa watu majumbani Gatumba, karibu na mpaka wa Kongo, na katika mitaa ya chini ya Rumonge.

Ng'ambo ya maji

Kwa miaka mingi Rumonge imefanya biashara na Fizi, Baraka na Kalemie kuliko na Gitega. Kiswahili kinachozungumzwa sokoni kwake ni ushahidi wa hilo. Kutoka Kongo huja mawese, samaki wakavu na mbao. Kutoka upande huu huenda sabuni, bia na bidhaa za viwandani. Mawese ya Kongo hujaza pengo katika miezi ya uhaba, na kwa viwanda vya Bujumbura ni afadhali kuyapata hayo kuliko kuagiza ghafi kutoka Asia. Indonesia iliwakumbusha walimwengu mwaka 2022, ilipozuia mauzo yake ya mawese kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi mwishoni mwa Mei, jinsi utegemezi huo ulivyo.

Mwaka 2025 biashara hii ilivurugwa. Kundi la M23 liliiteka Goma mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari. Makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka kuingia Burundi. Desemba mwaka huo wapiganaji waliingia Uvira yenyewe, mji unaotazamana na Bujumbura, kabla ya kutangaza kuondoka wiki moja hivi baadaye. Burundi, ambayo wanajeshi wake walikuwa wakipigana upande wa serikali ya Kinshasa, ilikuwa imefunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda tangu Januari 2024. Kwa hiyo nchi isiyo na bahari ilijikuta na kaskazini iliyofungwa na magharibi yenye vita. Kilichobaki kwa shehena za petroli na karibu kila kitu kingine ni Tanzania.

Hapo ndipo kijiografia Rumonge inapopata umuhimu ambao haukuwa nao ilipokuwa mji wa mawese tu. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mwaka 2018 fedha za kujenga barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu upande wa Tanzania, kilomita 260, pamoja na kipande cha kilomita 45 cha RN3 kati ya Rumonge na Gitaza, na kituo cha pamoja cha forodha mpakani. Kukiwa na lami kutoka Kigoma hadi Bujumbura, lori la petroli lina njia fupi ya kupitia Rumonge badala ya kuzunguka na Kobero. Reli ya kisasa nayo inajengwa kutoka Uvinza kwenda Musongati, uzinduzi wake upande wa Burundi ukiwa umefanyika Agosti 2025, lakini hiyo itapita mbali na ziwa na nikeli ndiyo mzigo wake mkuu.

Barabara hupitisha mizigo pande zote mbili, na hili halizungumzwi vya kutosha Rumonge. Tangu mwaka 2018 serikali ya Tanzania imekuwa ikihimiza michikichi mkoani Kigoma. Kituo cha utafiti cha Kihinga huzalisha mbegu bora za tenera, halmashauri hugawa miche, na lengo ni kupunguza mabilioni ya shilingi yanayotumika kuagiza mafuta ya kula. Miti hiyo ni michanga na ya aina bora. Inakua kwenye hali ya hewa ile ile, ufuko ule ule, saa chache kwa lori. Ndani ya umoja wa forodha wa Afrika Mashariki mawese ya Kigoma yakishakidhi masharti ya asili ya bidhaa hayapaswi kutozwa ushuru yanapoingia Burundi. Kwa sasa soko la ndani la Tanzania lina njaa ya mafuta na litayameza yote. Haijulikani litakuwa na njaa hiyo kwa miaka mingapi.

Visima vya Rusizi

Kila petroli inapoadimika, mtu hukumbusha kwamba huenda iko chini ya miguu. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Kimarekani ya Amoco ilichimba katika uwanda wa Rusizi, kaskazini mwa ziwa, na haikupata kiasi cha kibiashara. Vitalu vya ziwani viligawiwa tena kwa makampuni katika miaka iliyofuata bila kisima cha uzalishaji kutokea. Uganda iligundua mafuta yake katika Ziwa Albert, kwenye bonde hilo hilo la ufa, mwaka 2006, na ndiyo sababu matumaini hayafi. Ila umbali kati ya ugunduzi na mapato umekuwa karibu miaka ishirini hata kwa Uganda yenye kila kitu kingine mkononi.

Mchikichi, kwa kulinganisha, huanza kulipa baada ya miaka minne. Ungepandwa mara tu muda wa CNTB ulipokwisha mwaka 2022, ungekuwa umeanza kuzaa mwaka 2026. Baadhi ya wakulima wenye viwanja visivyo na mgogoro wamepanda, na miche yao huonekana kwa urahisi kutoka barabarani, mifupi na ya kijani kibichi katikati ya miti mirefu. Kwenye viwanja vinavyopakana navyo, ambavyo mashauri yake yako mahakamani, wakweaji bado wanapanda juu kwa kamba.